Hardship siyo kila shida

Kama unajaza fomu za skolashipu au za kazi kwenye mashirika huku Uganda, mapema tu utakutana na swali linalotaka ueleze "hardship" uliyopitia, na wakiamua kuvaa suti wanaandika "adversity". Mimi nafundisha Kiingereza cha jioni hapa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, vijana wengi wametoka Kongo na Burundi, wamesoma kwa Kifaransa, Kiingereza wamekikuta ukubwani, na hilo swali linawatoa jasho kuliko hata hesabu. Siyo kwamba hawana cha kueleza jamani, wanacho tele. Tatizo linaanzia kwenye kamusi, manake mtu anafungua anakuta shida, taabu, dhiki, anachukua ile ya kwanza anafunga.

Sasa hiyo ya kwanza ndiyo inayowaponza, kwa sababu sisi shida tunaitumia kwa kila kitu. Nina shida na wewe, yaani nataka tuongee. Nina shida ya elfu kumi. Simu yangu ina shida. Kijana mmoja alinitumia meseji, "Teacher I have a hardship with you", nikashtuka nikajua nimemkosea mtoto wa watu, kumbe alitaka nimsomee barua yake tu. Hapo alitakiwa aseme "I need to talk to you", hardship haiingii hata kidogo. Simu kuisha chaji, kukosa taksi, boda kukuzungusha njia, hizo ni problem, au trouble, zinakuja zinapita. Hardship ni hali inayokaa: njaa ya miezi, kukosa karo mwaka mzima, kazi ya kuvunja mgongo kwa hela isiyofika popote. Kwa Kiswahili mimi naiona iko karibu na dhiki kuliko shida. Na ile "ship" ya mwisho siyo meli, ni ile ile ya friendship na leadership.

Kitu nachowaambia kila siku, usikariri neno peke yake, likariri na kitenzi chake. Hardship mtu ana-face, ana-suffer, ana-endure, ana-overcome. "We suffered great hardship", "they endured many hardships", unaona moja haina s nyingine inayo, ukiongelea hali kwa jumla huweki s, ukiongelea mambo magumu mbalimbali unaweka. Adversity yenyewe karibu siku zote inatembea bila s, na utaikuta sana kwenye "in the face of adversity". Imetoka Kilatini, adversus, kitu kilichokugeukia kwa kukupinga, ndo maana hata mwenye hela zake anaweza kupata adversity, mfano mwanariadha aliyevunjika mguu mashindano yakiwa karibu, wakati hardship mara nyingi inagusa tumbo, mfuko au mwili.

Alafu kuna hardship ya maofisini, hii haina machozi kabisa. Mwalimu au nesi anayepelekwa Karamoja au visiwa vya Kalangala, serikali ina nyongeza ya mshahara kwa ajili ya sehemu ngumu kufika, watu wanaiita hardship allowance (usiseme posho, hapa Uganda watakuletea ugali). Umoja wa Mataifa nao wanapanga vituo vyao vya kazi kwa ugumu wa maisha, kuanzia A mpaka E, E ndo ngumu kuliko zote. Kwa hiyo ukiona "hardship duty station" kwenye tangazo la kazi usianze kuandika historia ya maisha yako, hawajakuuliza, wanakwambia tu huko unakokwenda pakoje.

Njia nyingine iliyotusaidia ni kusoma mstari mmoja kwa lugha mbili. Waislamu wachukue sura ya 94, pamoja na uzito upo wepesi, tafsiri nyingi za Kiingereza hapo zinaweka hardship na ease. Wakristo wachukue Mithali 17:17, ndugu amezaliwa kwa siku ya taabu, Kiingereza kinasema adversity. Uzito, taabu, wala hakuna aliyesema shida.

Turudi kwenye fomu. Wengi wanaandika "I faced many hardships, life was very hard, we suffered a lot", grama iko sawa lakini haijasema kitu, na anayesoma ana rundo la karatasi zinazofanana na hiyo. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 zikaja kufunguka kabisa Januari 2022, sote tumepita hapo, sasa wewe ulifanya nini? Ulichotea watu maji? Mama alikuwa anauza nyanya soko likafungwa, mkala nini? Andika hivyo kwa Kiingereza chepesi, hardship iweke mara moja inatosha.

Na hili naomba lisikilizwe. Swali lenyewe binafsi silipendi, linamfanya mtoto aone kama anauza kilio chake, na nimeona vijana wanaandika mambo ya vita ambayo hata kuyatamka hawawezi, wanatoka hapo usiku hawalali. Huna deni hilo. Mwenye fomu kauliza hardship, hajauliza ile kubwa kuliko zote, chagua unayoweza kuisimulia ukiwa umetulia, ya karo, ya kutembea mbali kwenda shule, halafu nusu nzima ya jibu iwe ulivyopambana nayo, wanachotaka kukiona ni hicho.

Ukiitwa intavyuu usihangaike na adversity, ulimi utateleza bure (mkazo uko kwenye VER, ad-VER-si-ty, kama unalazimika). "It was hard" ni Kiingereza safi kabisa. Ila usiseme "I worked hardly", hiyo maana yake karibu hukufanya kazi yoyote. Ni "I worked hard", basi.