Leza inajuaje kuna gesi mgodini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mjomba, mchimbaji wa makaa ya mawe, anasema methani siku hizi hupimwa kwa leza kupitia waya wa faiba. Mwanga unanusaje gesi? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Haunusi, unafyonzwa. Methani humeza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita kama 1,654, ambao macho hayauoni. Leza hukaa juu. Faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo, hushusha mwanga hadi kijisanduku chenye matundu ya kuingiza hewa, kisha unaobaki hurudi kupimwa. Na vumbi je? Urefu wa wimbi la leza huchezeshwa kidogo huku na huku: vumbi hufifisha mwanga wote, methani humeza wimbi lake tu. Ninachokipenda mimi: kwenye kijisanduku hakuna umeme, kwa hiyo hakuna cheche. Methani ikiwa asilimia 5 hadi 15 hewani, cheche moja yatosha kuilipua.