Waraka ukinyamaza, usijijibie

"Mwanangu, mteja wangu amekatwa mara mbili."

Aliyepiga simu ni mama anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mfumo wake wa malipo niliuandika mimi. Mnunuzi wa Shinyanga alilipia magunia manne, akaletewa meseji mbili za makato zilizopishana dakika moja.

Nikaufungua upya waraka wa kampuni ya malipo niliyounganisha nayo, yaani maelezo yake kwa waandishi wa programu. Jibu likiwa 0, muamala umefaulu. Likiwa 1, salio halitoshi. Likiwa 2, namba ya siri si sahihi. Na jibu lisipokuja kabisa? Hakuna hata mstari. Hapo mimi, kwa uvivu wangu, nilikuwa nimejijibia: sekunde 30 zikipita, tuma tena. Kumbe ombi la kwanza lilifika na hela ikakatwa. Kilichopotea njiani ni jibu tu.

Muamala una hali tatu, si mbili: umefaulu, umeshindikana, haujulikani. Hiyo ya tatu ndiyo nyaraka nyingi huiruka, na ndiyo inayokula hela za watu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba onyo lilikuwepo, ila kwenye waraka wa chini yake ambao sikuusoma. RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti. RFC 9110, ya Juni 2022, inayoeleza HTTP, lugha ambayo programu hutumiana maombi na majibu mtandaoni, inaishauri programu isirudie yenyewe ombi la POST, lile linalopeleka data ishughulikiwe, kama malipo, isipokuwa ina namna ya kujua kwamba kurudia hakuleti madhara, au kwamba ombi la kwanza halikutekelezwa. Kwa hiyo siku hizi waraka wa kampuni ukinyamaza, nashuka chini kwanza.

Kuna na kimya ambacho waraka wenyewe unakikiri. RFC 8259 ya 2017, ya JSON, namna ya kuandika data kwa jozi za jina na thamani, inataka jina lisijirudie ndani ya mabano yaleyale. Likijirudia, inakiri kwamba matokeo hayatabiriki. Jaribu: andika "kiasi" mara mbili, 5000 kisha 50000, uipe lugha ya programu ya Python. Itachukua ya mwisho bila kuguna. Programu nyingine inaweza kuikataa. Mimi nakataa. Najua wapo wanaoushika ushauri wa 1980 wa Jon Postel, mmoja wa waasisi wa intaneti, kwamba uwe mkali unapotuma na mpole unapopokea. Kwenye hela za watu, upole huo siutaki.

Sasa kila oda inapewa namba yake ya kumbukumbu na kuhifadhiwa kabla ombi halijatoka. Jibu lisipokuja, mfumo unauliza hali ya namba hiyo, hautumi upya. Na yale ambayo waraka hausemi nayauliza kwa barua pepe, nibaki na maandishi. Swali langu la kwanza lilijibiwa baada ya siku tisa, kwa neno moja: "Inategemea." Nimelibandika ndani ya programu, juu kabisa ya mistari inayotuma malipo.

Muamala usiojulikana unaonekana kwa rangi ya njano. Mama hakuhitaji maelezo marefu. Aliwaambia vijana wake: "Ikiwa njano, gunia halitoki."