Usiilaumu mita janja kabla hujahesabu kitaa chake chekundu

Tangu mita janja, zile zinazotuma matumizi zenyewe kwa shirika la umeme, zianze kufungwa mitaani malalamiko ni yaleyale, "hii mita inakimbia". Mimi nimeishi sana nyumba za kupanga, mita moja wapangaji kibao, ugomvi wa LUKU (umeme wa kulipia kabla) nimeuona wa kila aina, na kilichotusaidia ni kupima kwanza ndo tubishane baadae.

Anza na hela. Watu wengi hawajui wapo tarifu gani, yaani kundi gani la bei. Ukiwa D1, kundi la matumizi madogo ya nyumbani, uniti ni shilingi 100 mpaka ufikishe 75 kwa mwezi, ukizidisha hapo kila uniti ni 350. T1, kundi la matumizi ya kawaida, ni 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) 1, kwahiyo mtu wa T1 akinunua ya 10,000 anapata kama uniti 28. Sasa mara ya kwanza kununua kwa mwezi inakatwa na kodi ya jengo, nyumba ya kawaida 1,500, hapo zinabaki kama 24 hivi, na ndo siku hiyohiyo mtu anapiga kelele kaibiwa na mita. Soma risiti yote jamani, makato yameandikwa pale, na kama wewe ni mpangaji hiyo kodi ni ya mwenye nyumba, ongea nae mpatane mapema ikatwe kwenye kodi ya chumba.

Haya, kupima. Usoni mwa mita pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh, maana yake kitaa chekundu kikiwaka mara 1000 imeenda uniti moja. Zima kila kitu, chomoa na chaja za simu, halafu washa jagi la umeme peke yake, usitumie pasi maana inajizima na kujiwasha yenyewe. Jagi la wati 2000 kwa mita ya 1000 kitaa kinatakiwa kiwake kama mara 33 kwa dakika. Ikiwa 30 au 35 mita yako nzima, volteji inapanda na kushuka kwahiyo namba haiwezi kulingana pale pale. Ukipata 50 hapo una kesi, rudia tena, rekodi video, peleka ofisi ya umeme na namba ya mita, watakusikiliza kuliko ukienda na maneno matupu.

Kipimo cha pili ndo nakipenda zaidi. Acha mein switchi imewashwa ila vifaa vyote vimezimwa na kuchomolewa. Kitaa kikiendelea kuwaka na kuzima kuna umeme unaenda sehemu, inaweza kuwa waya umechubuka unavuja ukutani au kuna mtu kaunga laini kwako. Hilo usilichokonoe mwenyewe, ita fundi umeme mwenye leseni, kuvuja kunaua watu. Kwetu tulizima chumba kimoja kimoja, tukakuta mla umeme ni friji kuukuu la uani, mpira wa mlango umechoka mpaka ukibana karatasi inachomoka yenyewe, basi motor hailali usiku kucha. Kubadilisha mpira tu mchango wa mwezi ukashuka na kelele zikaisha, na kabla ya hapo lawama zote alikuwa anabeba kijana wa watu mwenye subwoofer!

Kuhusu ujanja wenyewe wa mita, faida ya kwanza ni kwamba ukilipia uniti zinaingia zenyewe, huchapi tarakimu 20 gizani. Ila kubwa kwangu ni upande wa gridi. Mita inatuma matumizi na volteji, kwahiyo shirika linaweza kuona transfoma ya mtaa imelemewa saa moja jioni kila mtu anapika na kuwasha feni. Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, umeme upo, lakini transfoma yenu ikiwa ndogo taa zitafifia tu. Zamani mpaka watu walalamike ndo ijulikane, sasa taarifa zipo, na sisi wateja tuzidai zifanyiwe kazi. Taa zikififia kila jioni piga simu huduma kwa wateja, taja namba ya mita na saa yenyewe, waambie waangalie volteji iliyorekodiwa, na uchukue namba ya taarifa kabla hujakata simu.