Kusubu Chubwi Nyumbani: Nisikizeni Kabla Hamjawasha Moto

Juzi kijana mmoja wa Kilifi aliona picha za chubwi zangu, vile vizito vya madini ya risasi vya kuzamisha mshipi ninavyovisubu mwenyewe, yaani kuyeyusha na kumimina, akaniandikia, "Kaka, kazi safi sana. Mimi pia nataka kuanza kusubu zangu. Niko na betri za gari zimekufa hapa nyumbani, nizipasue vipi nitoe ile risasi ya ndani?" Nilimjibu hapo hapo asiziguse, akauliza mbona, nikaanza kuandika hiyo mbona kwenye simu nikaona inakuwa ndefu mno, basi nimeamua niiweke hapa kila mtu aisome, kwa sababu meseji kama hiyo sio ya kwanza na najua wako wengi wanaofikiria hivyo hivyo ila hawaulizi.

Kama unavua mshipi kwenye mwamba sina haja ya kukueleza kwa nini mtu anatamani kujitengenezea chubwi. Unashusha, samaki changu anagusa, unavuta, kumbe chubwi imeingia kwenye ufa wa matumbawe, unavuta tena, mshipi umekatika. Siku ya mkondo mkali unaweza kuacha chini chubwi nyingi kuliko samaki uliopandisha, na dukani zile nzito ni ghali. Halafu za bei nafuu ndio zile zimesubiwa vibaya, kitanzi kimekaa upande, inashuka ikizunguka mpaka ndoano na mshipi vinasokotana na unapoteza nusu saa kufungua mafundo huku wenzako wanapandisha tewa.

Mimi hiyo ndio iliyonisukuma. Nilikuwa natoka kazini Ijumaa nikapitia duka la vifaa vya uvuvi, nikitoka pale hela ya mafuta ya boti imepungua, nikajiambia hapana, hii ni risasi tu, madini yanayoyeyuka kwa nyuzi 327, jiko la mkaa la kawaida linafika hapo bila taabu, kwa nini nisifanye mwenyewe. Nikaanza kusoma. Na niseme ukweli, kwa lugha yetu sikupata kitu. Wazee wetu wanasubu chubwi toka zamani lakini ukimuuliza anakwambia "chimba shimo kwenye mchanga umimine", basi. Waliosaidia kunifungua macho ni Wamarekani wanaosubu risasi za bunduki kwenye gereji zao. Kule ni hobi kubwa, kuna kampuni kama Lee na Lyman zinauza kalibu, vile vyombo vya kumiminia vyenye umbo, na majiko ya umeme kwa kazi hiyo tu, na mtu anakaa Jumamosi nzima anamimina moja baada ya nyingine. Hapa kwetu usijaribu, risasi ya bunduki bila leseni ni jela na ni haki iwe jela, mimi sina habari nayo. Lakini madini ni yale yale, moto ni ule ule, na sumu ni ile ile, na wale watu wameandika mpaka vitu vidogo kabisa ambavyo wavuvi wetu hawajawahi kukaa chini wakavisema.

Nikachora umbo ninalotaka, nikampelekea fundi mmoja wa kukereza chuma huko Changamwe, akanikatia kalibu ya alumini ya vipande viwili vinavyofungana, na tundu la kupitisha waya wa kitanzi. Huyo fundi Mungu ambariki, alikataa kunitoza hela ya kipande cha kwanza mpaka aone inatoka vipi.

Nyumbani ilikuwa hadithi nyingine. Shemeji yangu alisema mbele ya wageni kwamba mtu mzima mwenye kazi ya ofisi anachemsha vyuma nyuma ya nyumba kama aliyepungukiwa. Wengine wakacheka. Nilinyamaza, nikaendelea kula, lakini nakumbuka mpaka leo nani alicheka na alikuwa amekaa wapi. Ukianza kitu na mikono yako watu watakudharau kwanza, hilo lijue, hasa kama umesoma. Wanadhani kusoma ni kuhama kwenye kazi za mikono.

Na kuna lingine lililoniuma zaidi. Mwenye duka moja, simtaji, alizipenda chubwi zangu, akaniomba niachie sampo akasema atanipa oda ya kila mwezi. Nikamwachia za kila saizi. Kimya. Baada ya muda naona dukani kwake chubwi za umbo langu lile lile, mpaka ule mkunjo mdogo wa mkiani nilioufanya ili isinase kwenye jiwe, na wakati huo huo nasikia anawaambia kastoma kwamba zangu zinakatika kitanzi. Hakuna chubwi yangu iliyowahi kurudishwa kwa kukatika kitanzi. Hakuna. Nilitaka kwenda kumfokea, mke wangu akanizuia, akasema we endelea kumimina, bahari itasema. Na imesema, kwa sababu mwezi huu nahodha mmoja wa Mtongwe, mzee ambaye hasifu kitu cha mtu, amenunua zangu za boti zima na akaniambia mbele ya vijana wake, "Hizi zinashuka wima." Kwa mvuvi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Sasa turudi kwenye betri maana hapo ndipo watu wanapokufa.

Ukiwa Mombasa huna haja ya kusoma vitabu kujua risasi ya betri inafanya nini. Nenda Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ubavuni mwa kijiji, watu wakawa wanavuta moshi, maji machafu yakapita uani kwao, watoto wakaanza kuugua. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa pale pale kiwandani, mwanawe mchanga akaugua, wakapima damu wakakuta risasi. Mama yule akapigana mpaka kiwanda kikafungwa, 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na Julai 2020 mahakama hapa Mombasa ikaamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Huko Thiaroye-sur-Mer karibu na Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 kwa sababu ya risasi ya betri iliyosambaa kwenye mchanga wa mtaani, na mama zao walikuwa wanachekecha mchanga ule ule ili waokote mabaki wauze. Mama anatafuta riziki, mtoto kabebwa mgongoni.

Ndani ya betri kuna tindikali ya salfa, na ile risasi ya ndani sio risasi tupu, nyingi imeshakuwa unga, na ni unga huo unaopeperuka, unaoingia puani na kukaa kwenye nguo. Tena kuna arseniki na madini mengine yamechanganywa kwenye zile sahani, ukikosea namna ya kuyashika yanatoa gesi ya kuua. Hakuna njia ya uani ya kufanya kazi hiyo. Hakuna maski itakayokuokoa. Betri iuze nzima kwa wanaokusanya, hela utakayopata ukanunulie risasi safi.

Risasi safi inapatikana. Mimi napata mabomba ya zamani yanayong'olewa kwenye majumba, mikanda ya wapiga mbizi iliyochakaa, na vile vipande vya balansi ya magurudumu kwa mafundi wa matairi. Hivi vya balansi kuwa makini, siku hizi vingi ni zinki au chuma, maana Ulaya walishakataza vya risasi kwenye magari mapya tangu 2005. Kibane na koleo, cha risasi kinaingia alama, cha zinki kinakataa. Zinki inayeyuka kwa nyuzi 419 hivi, ukishikilia moto wako chini ya hapo itaelea juu uitoe, ukiuzidisha itachanganyika na sufuria nzima inakuwa uji, haijazi kalibu vizuri tena.

Kwa hivyo moto. Wengi wanadhani moto mkali ndio kazi nzuri, wanapepea mkaa mpaka sufuria inakuwa nyekundu. Hapana. Unataka nyuzi kama 350 mpaka 400, na ukizidi hapo unajitengenezea mvuke wa risasi na utando mwingi juu, na utando ule ukikauka ni vumbi. Kama huna kipimo tazama uso wake. Ukiona unang'aa kama kioo uko sawa, ukianza kuona rangi za buluu na zambarau zinacheza juu, toa mkaa. Sufuria iwe ya chuma, sio alumini, na isirudi jikoni kamwe, itoboe sikio au ipake rangi ili hata mgeni asiichukue. Takataka zikiwa nyingi tia kipande cha mshumaa, itawaka kidogo, koroga, taka zinapanda juu unazitoa taratibu na kijiko cha chuma ndani ya kopo lenye kifuniko.

Na ukavu. Hili nitalirudia mpaka mchoke. Tone moja la maji likiingia chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke na kutaka nafasi mara 1,700 hivi ya lile tone, na nafasi hiyo inaitafuta kwa kurusha sufuria yote usoni kwako. Ile njia ya wazee ya shimo la mchanga wa pwani, mimi nimeiona ikilipuka kwa macho yangu, kijana alimimina mchanga ukiwa mkavu juu na chini una unyevu, na mchanga wenye chumvi haukauki kirahisi hata ukiuanika, ikamrukia mkononi mpaka kwenye kiwiko. Alipona ila kovu analo. Basi kalibu kavu, kijiko kikavu, vipande unavyoongeza vikavu, na uviweke ukingoni mwa jiko vipate joto kwanza. Mvua ikianza kunyunyiza, funga kazi. Hata jasho la paji la uso, jifunge kitambaa. Vaa miwani, viatu vya kufunika, suruali ndefu iwe nje ya kiatu, na kavu kavu kavu.

Kalibu ipashe moto kabla ya kumimina, ikiwa baridi chubwi inatoka na makunyanzi. Mimi naipitishia pia moshi wa koroboi ndani, masizi yale yanafanya risasi ijae vizuri na isigande ukutani. Hayo mengine utayajua mwenyewe ukifanya, mkono unazoea.

Lakini usafi mkono hauzoei wenyewe, usafi ni uamuzi, na hapa ndugu zangu wanaume naomba tuseme kweli. Ninyi mnaosubu huku mnatafuna muguka, kidole kimeshika risasi, kidole hicho hicho kinachambua jani, jani linaenda shavuni linakaa masaa. Unakula risasi, ndugu yangu. Sigara ni hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo anafyonza mara nne mpaka tano ya anachofyonza mtu mzima kwa kiasi kile kile kilichomezwa. Ikiingia inakaa kwenye mifupa miaka na miaka kwa sababu mwili unaidhania ni kalsiamu. Mtoto haumwi kama mwenye malaria ukajua, anakuwa tu mzito darasani, tumbo linamsumbua, hasikii ukimwita, na wewe unamchapa ukisema ni mvivu. Unamchapa kwa kitu ulichomletea wewe na shati lako.

Mimi nina shati moja la kusubia, halivuki mlango wa nyumba, linafuliwa peke yake na mimi mwenyewe, sio mke wangu. Nafanya nje, upepo ukiwa unatoka nyuma yangu kwenda uwazini, watoto wakiwa chuoni. Nikimaliza naosha mikono na uso kwa sabuni na maji baridi, nasugua kucha, ndio nashika kikombe cha chai. Mwanangu mkubwa analalamika kwamba simfundishi, na nimemwambia atafundishwa akishakuwa mtu mzima, na akinuna anune. Kama nyumba yako ni chumba kimoja na uwanja ni wa wapangaji wote, watoto wanacheza pale pale, basi usisubu. Nunua. Sitaki kusikia habari ya kubana matumizi.

Jambo la mwisho, na hili ni la hata wasiosubu. Vile vichubwi vidogo vya kubana kwenye mshipi, vyenye mpasuo katikati, karibu kila mvuvi ninayemjua anavibana kwa meno. Baba zetu walifanya hivyo, sisi tumefanya, na sasa naona watoto wa miaka minane pale ufukweni wamevijaza mdomoni wakisubiri kuvifunga. Uingereza vichubwi vya saizi hiyo vilipigwa marufuku 1987 kwa sababu ndege wa majini walikuwa wanavimeza na kufa. Hapa kwetu hakuna aliyekataza, basi katazeni wenyewe. Koleo ndogo inauzwa kila duka la vyuma, ifungeni kamba kwenye kisanduku cha ndoano isipotee, na mtoto akija na kichubwi mdomoni mwambieni akiteme hapo hapo, mumpe maji asukutue.