Alama za usalama dukani

SUALI: Assalamu alaykum. Nina duka la vyakula Chake Chake, mita 10 kutoka mlangoni hadi nyuma. Nauza na gesi ya mitungi. Niweke alama zipi, za ukubwa gani?

JAWABU: Waalaykum salaam. Anza na tatu: ya kijani kwenye mlango wa kutokea, mraba mwekundu juu ya kizimamoto, na duara jekundu lenye picha ya kiberiti na mstari wa mshazari, la kukataza moto, penye mitungi. Ukubwa ni hesabu nyepesi: gawa umbali kwa 100. Mita 10 zinataka alama ya sentimita 10 kwenda juu, tena duka liwe na mwanga mzuri.

Alama ya kizimamoto wengi huibandika usawa wa kiuno, halafu magunia ya mchele yakapangwa mbele. Ipandishe ipite rafu, kiasi cha mita 2. Ya kutokea iwe ya kung'aa gizani, lakini isikae kivulini. Isipopata mwanga kwanza, umeme ukikatika haionekani.

Nje usibandike karatasi ya printa. Jua hula wekundu mapema, ikabaki picha ya kiberiti peke yake, kama tangazo kuwa mnauza!