Magurudumu matatu kwenye mbio za koni: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yanahusu autokrosi, mbio za ridhaa ambazo magari hupita moja moja kati ya koni kwenye uwanja wa lami, yakishindana na saa. Katika mashindano ya SCCA, chama cha magari ya michezo cha Marekani, kila koni unayoigonga inakuongezea sekunde 2.

Magari ya magurudumu matatu kama Morgan Three Wheeler na Polaris Slingshot yana mawili mbele, bajaji ina mawili nyuma. Je, kwenye kona kuna tofauti?

Kubwa mno. Chora pembetatu chini ya chombo kwa kuunganisha pale magurudumu yanapogusa ardhi. Ukishika breki huku unakata kona, uzito unasukumwa mbele na upande wa nje. Kwa bajaji, mbele ndiko kwenye ncha ya pembetatu, hakuna cha kuupokea, inabinuka. Kwa Slingshot, mbele ndiko kwenye upana, kwa hiyo breki inaituliza. Hatari yake iko kinyume: kukanyaga mafuta kwa nguvu kabla usukani haujanyooka, kwa sababu uzito unarudi kwenye ncha.

Gari kama Slingshot litapinduka nikifika mwendo gani?

Mwendo peke yake hautoshi kukujibu. Pima upana kati ya magurudumu ya mbele, gawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito kilichozidishwa kwa mbili, kisha zidisha kwa sehemu ya uzito iliyo mbele. Tuseme upana ni mita 1.6, kimo ni mita 0.45, na mbele kuna asilimia 65: unapata g 1.16, yaani nguvu ya kona mara 1.16 ya uzito wa chombo. Gari la magurudumu manne lenye vipimo hivyo lingefika g 1.78. Matairi mazuri ya barabarani hushika karibu g 1, kwa hiyo yatateleza kabla gurudumu la ndani halijanyanyuka. Matairi laini ya mashindano yanaweza kuvuka g 1.16, na hapo chombo kinabinuka badala ya kuteleza. Tunawasihi: baki na matairi ya barabarani, na usiinue springi.

Mbele inateleza, gari halitaki kugeuka. Nimefunga stabilaiza nene (chuma kinachounganisha magurudumu ya kushoto na kulia ili bodi isilale), hali ikazidi kuwa mbaya. Kwa nini?

Kwenye magurudumu manne, mzigo unaohama kutoka tairi la ndani kwenda la nje hugawanywa kati ya mbele na nyuma, na stabilaiza ndiyo inayoamua wapi uhamie zaidi. Hapa nyuma kuna gurudumu moja tu, halina mwenzake wa kupokezana naye. Mzigo wote unahamia mbele, uwe na stabilaiza nene au nyembamba. Inachobadilisha ni kulala kwa bodi. Gurudumu la nyuma hulala pamoja na bodi. Ukizuia bodi isilale, tairi pana la nyuma linakaa bapa, linashika vizuri zaidi, na mbele ndiyo inayobaki kushindwa.

Kwa hiyo acha stabilaiza, shughulikia matairi. Paka chaki kwenye mabega ya matairi ya mbele, kimbia mzunguko mmoja, angalia. Chaki ikifutika hadi ubavuni, upepo ni mdogo. Ikibaki begani bila kuguswa, ni mwingi. Badilisha psi 2 kila mara, ukipima tairi likiwa bado la moto. Kisha alaimenti: inamisha sehemu ya juu ya magurudumu ya mbele kwa ndani nyuzi 1.5 hadi 2.5, na yaachie yafunguke mbele kwa milimita 1 au 2. Barabarani matairi yatalika haraka, hiyo ndiyo gharama yake. Kwenye uendeshaji, achia breki taratibu wakati unaanza kugeuka badala ya kuiachia ghafla. Mbele inabaki na uzito wa kushikia lami. Usizidishe, maana nyuma ikikosa uzito itazunguka.

Nikitoka kwenye kona nyuma inachomoka.

Gurudumu moja, lenye theluthi moja hivi ya uzito, linabeba nguvu yote ya injini. Isitoshe, linapita katikati, pale ambapo magari mengine hayafagii, kwa hiyo mchanga na kokoto zinalisubiri. Tembea njia kwa miguu kabla ya zamu yako, uone ulipolundikana. Toka na gia moja juu zaidi, nyoosha usukani kwanza, ndipo ukanyage.

Bajaji ya biashara inaweza kushiriki?

Hapana. Ni ndefu kwenda juu, nyembamba, na ncha yake iko mbele. Hata mwenye Slingshot aulize waandaaji kabla ya kulipa, kwa sababu kanuni zao juu ya magurudumu matatu hazifanani.

Nikague nini kati ya mizunguko?

Nati za magurudumu, upepo, na mkanda wa kuendeshea gurudumu la nyuma. Zima injini, kisha zungusha gurudumu kwa mkono ukitazama meno ya mkanda na ya puli. Kokoto moja iliyobanwa hapo inaweza kutoboa mkanda, na mkanda uliotobolewa hubadilishwa, hauzibwi.