Shali yangu ilirudishwa: kwa nyinyi mnaotia uzi rangi nyumbani

Juma lililopita nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Limuru. Alichemsha uzi wa sufu kwa manjano ya jikoni, akamfumia mwanawe kofia, ikapendeza hadi majirani wakaanza kuulizia. Mwezi haujaisha, kofia imepauka. Upande unaopigwa na jua umekuwa kama gazeti la mwaka jana. Akaniuliza, "Dada, nilikosea wapi? Ama niachane na haya mambo?"

Niliusoma ujumbe huo mara tatu, maana hapo alipo nilipitia, na pananiuma mpaka leo.

Mwaka wa 2019 nilimuuzia mama mmoja wa chama chetu shali ya kuvaa siku ya mahari ya bintiye. Sufu niliitoa Kinangop mwenyewe. Nikaiosha, nikaichana, nikaisokota jioni baada ya kazi kwa miezi miwili, kisha nikaifuma. Njano yake iliwaka kama alizeti. Alinilipa shilingi 3,500 nami nikajiona nimefika. Wiki sita baadaye akaja nayo kwenye mkutano wa chama, akaikunjua mezani mbele ya kila mtu. Kwenye mikunjo ya ndani njano ilikuwa bado ipo, lakini mabegani imekuwa rangi ya uji. Hakunitukana. Alisema tu, "Hii umeniuzia nini?" Nikamrudishia pesa zake palepale, nikaibeba shali yangu, na kwa miezi minne sikugusa sindano.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba uzi wenyewe nilikuwa nimeusokota vizuri. Na wala sikufika hapo kwa urahisi.

Nilianza kwa gunia la bure. Mzee mmoja anayefuga kondoo wa aina ya Corriedale alikuwa akitupa manyoya shimoni kila baada ya kukata, kwa sababu bei aliyopewa haikumlipa hata nauli. Nilimwomba, akanicheka kidogo, akanipa. Nyumbani nikachemsha maji, nikatumbukiza manyoya na sabuni, nikayakoroga kwa mwiko kama ninasonga ugali, halafu nikayatoa yangali moto nikayatia kwenye maji ya mvua yaliyolala nje. Mnaoijua baridi ya Kinangop mnaelewa maji hayo yalivyokuwa. Sufu yote ikashikana ikawa blanketi gumu, huwezi kuvuta hata unywele mmoja. Unywele wa kondoo una magamba madogomadogo. Ukiusugua kwenye maji ya moto, au ukaushtua kwa baridi ghafla, magamba hayo yanaumana na hayaachani tena. Blanketi hilo bado ninalo, ndilo ninalokalia ninaposokota.

Kwa hiyo, osheni sufu kwa maji ya moto, ndiyo, ili mafuta yake yatoke, lakini izamisheni tu iloweke. Msiisugue, msiikoroge, na maji ya kusuuzia yawe na joto lilelile. Tena msishangae ikipungua. Kilo zangu mbili za mara ya pili zilibaki kilo moja na robo hivi, kilichopotea kilikuwa mafuta, udongo na mavi makavu.

Kusokota nilijifunza kwa kijiti chenye kisahani cha mbao, baadaye fundi baiskeli akanitengenezea gurudumu kwa rimu kuukuu. Miezi ya kwanza uzi wangu ulikuwa na mafundo. Hiyo sitaieleza sana, ni mikono kuzoea. Ila moja mlishike: ukisokota uzi mmojammoja kwenda kulia, unapounganisha miwili sokota kwenda kushoto. Usipofanya hivyo sweta yako itakwenda upande, na hakuna pasi itakayoinyoosha.

Sasa rangi. Manjano yanadanganya macho. Yanashika haraka, yanang'aa, na jua linayala. Bitiruti ni hivyohivyo, choya pia. Ni rangi za chakula, siyo za nguo ya kuvaliwa miaka. Hili sikuambiwa na mtu, nililijua nikiwa nimeshaaibika.

Kinachoshikisha rangi ni shabu (alum). Watu wa Pwani wanaijua tangu zamani, ndiyo hiyohiyo ya kutuliza maji machafu. Mimi huinunua kwenye duka la viungo, napima gramu 12 kwa kila gramu 100 za uzi mkavu. Naiyeyusha kwenye maji, naweka uzi uliokwisha kuloweka, napandisha moto polepole kwa saa nzima bila kuacha maji yatokote, halafu nauacha humo hadi asubuhi. Uzi ukitoka huoni tofauti yoyote. Hapo ndipo wengi huona wamepoteza muda, siku ya pili wanaruka hatua hii.

Baada ya shabu, natafuta maganda makavu ya vitunguu vyekundu. Nimezungumza na mama wa kibanda cha chipsi, ananiwekea kwenye gunia. Uzito wa maganda uwe sawa na uzito wa uzi. Nayachemsha saa moja, nachuja, nangoja maji yapoe, ndipo uzi unaingia na moto unapanda tena taratibu. Asubuhi nikiinua kwa kijiti uzi uliolala humo, maji yanayodondoka ni kahawia ya chai ya rangi, lakini uzi wenyewe ni dhahabu iliyokolea. Kila mara moyo hunidunda, na nimeshafanya hivi mara nyingi mno. Ukitaka rangi nzito kama majani ya zeituni, loweka misumari yenye kutu kwenye siki kwa wiki moja, kisha tia kijiko cha maji hayo kwenye sufuria. Kijiko tu, chuma kikizidi kinakausha sufu. Na sufuria ya rangi isirudi kupika chakula kamwe.

Wapo wanaoniandikia kwamba wamefuata kila kitu na uzi haujashika. Nikiuliza, wametumia uzi wa dukani wa sweta za shule. Huo wengi wake ni akriliki, yaani plastiki. Hata ungeuchemsha na maganda ya soko zima hautashika.

Wenzangu, tunapenda kuonyesha kabla ya kujaribu. Unatoa uzi kwenye sufuria leo, kesho umeupiga picha, keshokutwa umepokea oda. Nilifanya hivyo na nililipa kwa aibu. Siku hizi uzi wangu hauuzwi kabla ya kukaa dirishani. Nauzungusha kwenye kipande cha boksi, nusu naifunika, nusu inakaa juani wiki tatu. Nusu hizo zikiachana rangi, siuzi. Mteja akisema ana haraka, namwambia aende kwa mwingine, na wengine wamekwenda. Aliyekupa pesa yake amekuamini, na imani ya mtu huwezi kuifuma upya kwa sindano. Naongeza jingine: oda moja, sufuria moja. Uzi wa shali nzima utie rangi siku moja, kwani sufuria ya pili haijawahi kunitolea rangi sawa na ya kwanza.

Dada wa Limuru, kofia usiitupe. Ile shali yangu niliipitisha kwenye shabu, nikaitia kwenye maganda na kijiko cha maji ya misumari, na ndiyo ninayojifunika asubuhi hii nikiandika. Yule mama hajawahi kununua kwangu tena, tunasalimiana tu. Wewe mteja wako ni mwanao, una nafasi. Iloweshe kofia kwenye maji vuguvugu nusu saa kwanza, iingie kwenye shabu bila kukorogwa, moto uwe mdogo kabisa, na usiitoe mpaka maji yapoe yenyewe. Maganda anza kukusanya leo. Kofia ya mtoto ina gramu kama 50, kwa hiyo shabu ni gramu 6 tu.